Betri ya Gari Imekufa: Namna ya Kujua Kama Bima Italipa Kabla Hujadai

Bima ya gari hailipi betri iliyochoka, hata kama ni bima kubwa, lakini hulipa betri iliyoharibika au kupotea kutokana na tukio ambalo mkataba umekubali kulibeba. Kazi yote ya mwenye gari imo katikati ya kauli hizo mbili: ajue betri yake imekufa kwa sababu gani, aweze kuionyesha sababu hiyo kwa mtu ambaye hakuwepo, na apige hesabu kabla ya kupiga simu, kwa kuwa yapo madai ambayo ni halali kabisa na bado hayamwachii mdai hata shilingi moja.

Maelezo haya yanafuata zaidi utaratibu wa Tanzania Bara, ambako shughuli za bima zinasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mwenye gari wa Kenya atakuta mengi yanafanana na ya kwao, kwa sababu mikataba ya bima ya magari katika nchi zote mbili imerithi muundo mmoja kutoka Uingereza, panapotofautiana nimepataja.

Tazama kwanza ulinunua bima gani

Bima ambayo kila mwenye gari analazimishwa kuwa nayo na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ni ile inayowalinda watu wengine dhidi ya gari lake. Ndiyo inayoitwa bima ndogo, na kwa gari dogo la binafsi imezoeleka kuuzwa shilingi 118,000, yaani ada ya 100,000 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Bima hiyo haina fungu kwa ajili ya gari lako mwenyewe. Betri ikiibwa usiku uani kwako, ikipasuka kwenye ajali uliyoisababisha wewe, au ikizama kwenye maji ya mafuriko, mwenye bima ndogo hana mlango wa kubisha.

Kuna hali moja ambayo mwenye bima ndogo hulipwa betri, nayo ni pale anapogongwa na mwenzake. Hapo halipwi na bima yake, bali na bima ya aliyemgonga, kwa kuwa bima ndogo zinazouzwa sokoni kwa kawaida hubeba, pamoja na majeraha na vifo, uharibifu wa mali za watu wengine hadi kikomo kilichoandikwa. Betri iliyovunjika kwenye ajali hiyo huingia katika orodha ya vitu vya kutengenezwa sawasawa na taa, bampa na radieta. Wengi huisahau kwa sababu fundi wa bodi, ambaye ndiye anayeandika makadirio, huangalia mabati na rangi, na hana mazoea ya kufungua boneti na kupima umeme.

Juu ya bima ndogo ipo ile inayoongeza moto na wizi, na juu yake ipo bima kubwa, ambayo kwa gari la binafsi ada yake kwa kawaida huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari la shilingi milioni 15 litalipiwa 525,000, na kodi ya 94,500 juu yake, jumla 619,500. Mtu akishatoa fedha kama hizo ni rahisi aamini kwamba kila kitu ndani ya gari sasa ni mzigo wa kampuni. Sivyo. Bima kubwa ni kubwa kwa idadi ya matukio inayoyabeba, na haikuahidi kulitunza gari.

Hakiki pia kwamba bima yenyewe ipo. TIRA ina mfumo wa mtandaoni uitwao TIRA MIS ambamo mtu huingiza namba ya usajili wa gari au ya stika na kuona aina ya bima, kampuni iliyoitoa na tarehe ya mwisho. Ni afadhali kugundua leo kwamba wakala alikukatia bima ndogo wakati ulidhani umelipia kubwa, kuliko kugunduliwa na ofisa wa madai.

Sababu ndiyo inayolipwa

Fungua mkataba wenyewe, maana stika na risiti ya wakala hazitakusaidia hapa. Wengi hawajawahi kuuona kwa sababu hawakuuomba. Muombe wakala wako akutumie, hata kwa WhatsApp, kwani ni haki yako kuusoma. Tafuta sehemu mbili. Ya kwanza ni inayoeleza hasara ya gari lenyewe, ambayo hutaja matukio kama kugongana na kupinduka, moto, mlipuko, radi, wizi na uharibifu wa makusudi unaofanywa na watu wengine. Ya pili ni orodha ya yasiyolipwa, na humo utakuta karibu kila mara maneno manne yanayomhusu mwenye betri: uchakavu, kushuka kwa thamani, kuharibika kwa mitambo, na kuharibika kwa mfumo wa umeme.

Betri ni kifaa cha umeme na ni kifaa kinachochakaa, hivyo imekaa katikati kabisa ya orodha hiyo ya pili. Betri ya kawaida ya volti 12 ina seli sita zenye madini ya risasi na tindikali, na kila inapochajiwa na kutumika inapoteza sehemu ndogo ya uwezo wake ambayo hairudi. Joto huharakisha jambo hilo, na ndiyo maana betri ambayo ingedumu muda mrefu katika nchi ya baridi inaweza kuishia kati ya miaka miwili na minne Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, hasa kwenye gari linaloshinda juani na kutembea safari fupi fupi za foleni. Betri ya umri huo ikikataa asubuhi moja kuizungusha stata, bila kuguswa na mtu, hapo hakuna tukio. Hata ukiandika barua nzuri namna gani, ofisa wa madai atasoma neno uchakavu.

Kabla ya kuamua kwamba betri imekufa, ipime, kwa sababu betri nyingi hutupwa zikiwa nzima na nyingine hununuliwa mpya ili zikafe kwa ugonjwa uleule. Mita ya umeme ya bei ndogo inatosha. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, iliyobaki nusu husoma karibu 12.2, na ikishuka chini ya 12 imekwisha chaji. Mtu mwingine awashe gari huku ukitazama mita: namba ikianguka chini ya volti 9.6 wakati stata inazunguka, na betri ilikuwa imejaa, betri hiyo ni dhaifu. Injini ikishawaka, mita isome kati ya 13.7 na 14.7. Ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, alternata, yaani kifaa kinachoichaji betri injini ikiwaka, haichaji. Ikipanda zaidi ya 15, alternata inachaji kupita kiasi na ndiyo inayoipika betri. Vipimo hivi havimfanyi bima alipe, lakini vinakuambia uende kwa nani, iwe ni fundi umeme, duka ulikonunua betri, au kampuni ya bima.

Matukio mengine huwababaisha watu kwa sababu yanafanana na ajali. Taa iliyosahaulika ikiwaka usiku kucha hailipwi, kwa maana ni kuisha kwa chaji. Redio kubwa yenye spika za ziada, au kingʼora kilichofungwa na fundi wa mtaani na kuacha kikinyonya umeme gari likiwa limeegeshwa, pia hailipwi, na zaidi ya hapo inaweza kuibua swali kama uliieleza kampuni kuhusu vifaa hivyo ulipokata bima. Kuna kejeli kidogo hapa: kampuni nyingine hudai gari la thamani kubwa lifungwe kifaa cha kulifuatilia, kifaa hicho hunywa umeme kidogo kidogo gari likikaa wiki kadhaa bila kuwashwa, na betri ikiisha kwa sababu hiyo kampuni ileile haitailipa.

Kubusti vibaya, yaani kukosea wakati wa kuliwasha gari kwa umeme wa betri ya gari lingine, ni balaa la aina yake. Mtu akikuunganishia waya akachanganya chanya na hasi, katika sekunde moja anaweza kuunguza fyuzi kuu, dayodi za alternata na hata kompyuta ya gari. Kwa mikataba mingi huo ni uharibifu wa mfumo wa umeme, tena uliotokana na kazi ya mtu, kwa hiyo dai lako ni dhidi ya fundi aliyeunganisha. Kama ni fundi wa gereji iliyosajiliwa unaweza kupata kitu. Kama ni kijana aliyesimamishwa barabarani, hesabu ni yako.

Moto ni habari tofauti. Ikiwa waya ulioguswa na joto umeshika moto ukaunguza betri, boneti na sehemu ya injini, moto umo katika matukio yanayolipwa, hata kama chanzo chake kilikuwa ndani ya gari. Kampuni inaweza kukata thamani ya kile kifaa kilichokuwa kibovu tangu mwanzo, lakini haiwezi kwa kigezo hicho kukataa vyote vilivyoungua baadaye. Mlipuko wa betri, unaotokea pale gesi ya haidrojeni inayotoka wakati wa kuchaji inapokutana na cheche, unapaswa kutazamwa kwa jicho hilohilo: boneti iliyopinda na rangi iliyounguzwa na tindikali ni madhara ya mlipuko, na betri yenyewe ndiyo itakayobishaniwa. Soma mkataba wako, kwa sababu baadhi husema mlipuko kwa ujumla, na baadhi husema mlipuko wa kutoka nje tu.

Mafuriko nayo yanataka kusomwa kabla ya masika, kwa kuwa mikataba mingine huyabeba ndani ya bima kubwa na mingine huyaweka kama nyongeza ya kulipiwa. Anayepita Jangwani au anayelaza gari bondeni mwa Msimbazi, jijini Dar es Salaam, asikubali jibu la mdomo katika jambo hili. Gari likizama, usijaribu kuliwasha. Ondoa kwanza waya wa hasi wa betri kama unaweza kuufikia kwa usalama, kisha ita gari la kuvuta. Ukiliwasha, maji yakaingia kwenye silinda na injini ikavunjika, kampuni itasema hasara hiyo ya pili umeisababisha mwenyewe, na itakuwa na hoja.

Betri ikiibwa peke yake

Wizi wa betri unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko mengine, kwa sababu ndio unaowapata watu wengi wenye magari ya kazi, malori na magari yanayolala nje, na ndio ambao mikataba inatofautiana zaidi. Kila bima kubwa hulipa gari zima likiibwa. Ila ipo mikataba, hasa ya magari ya biashara na pikipiki, inayosema kwamba vifaa vya gari havilipwi vikiibwa isipokuwa gari lenyewe limeibwa pamoja navyo. Chini ya kifungu hicho, mwizi aliyefungua sanduku la betri la lori na kuondoka na betri mbili kubwa za saizi ya N150 amekuachia hasara yako peke yako. Mikataba ya magari ya binafsi mara nyingi ni milegevu zaidi, ikilipa wizi wa sehemu ya gari kwa masharti ya kiwango tofauti cha kujibebea, yaani kiasi ambacho mwenye gari hukatwa katika dai.

Ukikuta boneti imefunguliwa na betri haipo, usianze kwa kumwita fundi. Piga picha kwanza, tena ukianzia mbali: namba ya gari na mazingira, halafu kufuli la boneti au kitasa kilichong'olewa, halafu trei tupu ya betri, halafu ncha za nyaya. Ncha hizo ndizo zinazozungumza. Mwizi mwenye haraka hukata kwa koleo, na shaba iliyokatwa leo hung'aa nyekundu, huku ile iliyokatwa zamani ikiwa imefifia na kuwa kahawia au kijani. Betri iliyotolewa kwa spana, nyaya zikiwa nzima na kufuli zima, humfanya mkaguzi wa kampuni ya bima ajiulize kama dereva au mtu wa nyumbani hakuhusika. Kisha nenda kituo cha polisi siku hiyohiyo, utoe maelezo, na uondoke na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Kwa Kenya utachukua namba ya OB, ambayo ni ya namna hiyohiyo, na baadaye abstrakti ya polisi, yaani hati ya muhtasari wa taarifa hiyo.

Dai lako liandikwe kwa ukamilifu wake. Mwizi aliyekata nyaya ameharibu pia vichwa vya betri, huenda amevunja kebo ya kufungulia boneti, amekwaruza rangi, na pengine gari sasa linawasha taa ya hitilafu kwa sababu kompyuta ilikatiwa umeme ghafla. Vyote hivyo vimetokana na tukio moja, kwa hiyo vinaingia katika dai moja na kukatwa kiwango cha kujibebea mara moja. Anayedai betri peke yake leo, na kurudi wiki ijayo kudai kebo ya boneti, anajitafutia makato mara mbili.

Hesabu inayoamua kama inafaa kudai

Karibu kila bima kubwa ina kiwango ambacho mwenye gari hujibebea katika kila dai, ambacho mawakala hukiita ekses. Mara nyingi huandikwa kama asilimia ya dai pamoja na kima cha chini. Tuchukue mfano wa mkataba wenye ekses ya asilimia 10, isiyopungua shilingi 250,000. Betri ya gari dogo imeibwa, na mpya ni 200,000. Dai ni halali, polisi wameandika, mkataba unalipa wizi wa sehemu, na bado malipo ni sifuri kwa sababu kima cha chini cha ekses kimezidi bei ya betri. Tena kampuni itakuwa imeandika kwamba umedai, na lile punguzo la ada linalotolewa kwa mwaka usio na dai linaweza kupotea. Katika hali hiyo ushauri wangu ni kununua betri na kunyamaza, ukibaki na RB yako iwapo mwizi atakamatwa.

Sasa chukua gari hilohilo likiwa limegongwa kwa mbele. Bampa, taa, radieta, kazi ya bodi na rangi vimefika 2,200,000, na betri iliyopasuka ni 200,000, jumla 2,400,000. Hapa betri inabebwa na mkumbo wa vingine, lakini ofisa wa madai ataleta jambo la pili: betri yako ilikuwa na umri wa miaka miwili na utapewa mpya, hivyo atataka uchangie ile nafuu unayoipata. Akikata nusu ya bei ya betri, dai linakuwa 2,300,000; asilimia 10 yake ni 230,000, ambayo haifiki kima cha chini, kwa hiyo unakatwa 250,000 na kubaki na 2,050,000. Ukiwa na risiti inayoonyesha kwamba betri ilinunuliwa miezi mitatu iliyopita, makato hayo ya umri unaweza kuyapinga na ukasikilizwa. Bila risiti, umri wa betri ataukadiria yeye.

Jambo linalopitwa kirahisi ni thamani uliyoandikisha. Gari lenye thamani ya milioni 20 lililokatiwa bima kwa milioni 15, ili ada ipungue, linaweza kulipwa robo tatu tu ya kila hasara ikiwa mkataba una kifungu cha uwiano. Robo inayokatwa inagusa taa, bampa na betri bila ubaguzi.

Kuandaa dai

Toa taarifa kwa kampuni mapema, kwa maandishi, hata kama umeshapiga simu. Muda wa kufanya hivyo umeandikwa katika mkataba, na mingine huupima kwa saa. Fomu ya madai hujazwa na mwenye bima, na huambatana na nakala ya leseni ya dereva, kadi ya gari, stika au hati ya bima, na makadirio ya gereji. Kwa ajali, kampuni za Tanzania huomba pia taarifa za polisi, ambazo utasikia zikitajwa kwa namba zake, PF 90, PF 93 na PF 115, pamoja na mchoro wa eneo la tukio. Kwa wizi, RB na maelezo uliyoandikisha.

Katika sehemu ya maelezo ya tukio, andika kilichotokea na acha hukumu. Sentensi kama "betri ilikufa baada ya ajali" inamwalika ofisa aulize kama haikuwa inakufa kabla. Iliyo bora ni inayosema: "Gari liligongwa upande wa mbele kushoto, kishikio cha betri kikapinda, ganda la betri likapasuka upande wa taa na tindikali ikamwagika kwenye chesisi." Kila kipande cha sentensi hiyo kinaweza kuthibitishwa kwa picha, na ndicho mkaguzi atakachokitafuta. Atainama, ataangalia kama ufa umeanzia upande uliopigwa, atatazama michirizi ya tindikali iliyokula rangi chini ya trei, atasoma tarehe iliyochapwa kwenye ganda, na atalinganisha saizi iliyoandikwa juu yake na ile unayoidai. Ganda lenye maandishi 46B24L, kwa mfano, ni la betri yenye urefu wa sentimita 24 na kichwa cha hasi upande wa kushoto. Ukileta makadirio ya betri kubwa kuliko hiyo utalazimika kueleza kwa nini.

Tindikali isiachwe ikila chesisi kwa kisingizio cha kumsubiri mkaguzi. Piga picha, kisha vaa glavu, mwagia magadi yaliyoyeyushwa katika maji, na suuza kwa maji mengi. Mkataba wenyewe unakutaka uzuie hasara isiongezeke, kwa hiyo hakuna atakayekulaumu kwa kusafisha. Usitengeneze wala kununua kitu kikubwa kabla ya kupata idhini ya kampuni, na kama ni lazima gari litembee, omba ruhusa ya maandishi ya kufunga betri mpya na utunze ile iliyopasuka.

Palipo na waranti, anza huko

Kwa betri iliyokufa yenyewe ikiwa ni changa, msaada wako ni duka ulikoinunua. Betri mpya huuzwa na kadi ya waranti, na kadi isiyogongwa mhuri wala kuandikwa tarehe na namba ya betri haina kazi, hivyo isimamie ijazwe palepale kaunta kabla hujaondoka. Ukirudi na malalamiko, duka kwa kawaida litaichaji betri kwanza na kuipima, na jambo hilo linaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Watakataa ganda lililovimba kwa kuchajiwa kupita kiasi, vichwa vilivyopigwa nyundo, au maji ya betri yaliyokauka. Siku ya kuifunga betri muombe fundi umeme karatasi ya vipimo vya alternata, kwani ndiyo itakayowafunga mdomo.

Mkataba wenye huduma ya dharura barabarani nao hauleti betri mpya. Unaleta mtu wa kukubusti au gari la kukuvuta, mara nyingi kwa idadi maalumu ya safari kwa mwaka, na betri ukihitaji utalipia mwenyewe.

Haibridi na pikipiki za umeme

Magari ya haibridi, yaani yanayotumia petroli na umeme, kama Toyota Prius na Aqua, ambayo mengi hufika kwetu yakiwa yametumika Japani, yana betri mbili. Ndogo ya volti 12 inafuata yote yaliyosemwa hapo juu. Kubwa, ambayo katika Aqua za kizazi cha kwanza ni ya volti 144 na katika Prius za kizazi cha pili na cha tatu ni karibu volti 202, ni suala la fedha nyingi, na kanuni haibadiliki: kupungua nguvu kwa umri hakulipwi, na kuharibiwa na ajali, moto au mafuriko yaliyomo katika mkataba hulipwa. Tofauti ni kwamba gharama yake inaweza kulifanya gari lihesabiwe kuwa halifai kutengenezwa. Mwenye haibridi ahakikishe kwamba mthamini alipoandika thamani ya gari alijua ni haibridi, na baada ya ajali asimruhusu fundi asiye na mafunzo kugusa nyaya nene za rangi ya chungwa.

Kwa pikipiki za umeme za kubadilishiwa betri vituoni, kama zile za Ampersand zilizoanzia Rwanda na kufika Nairobi, betri ni mali ya kampuni na si ya dereva. Bima ya pikipiki hiyo haiwezi kulipa kwa dereva kitu kisicho chake, kwa hiyo anachotakiwa kusoma ni mkataba wa huduma, sehemu inayosema nani anabeba betri ikiibwa au ikipasuka mikononi mwake.

Dai likikataliwa

Omba sababu kwa maandishi, na uombe itaje kifungu cha mkataba. Barua inayosema tu kwamba "betri hazilipwi na bima" haitoshi, kwa kuwa mikataba huweka mipaka kwa sababu za hasara na ni nadra kuitaja betri kwa jina. Ikiwa kifungu kilichotajwa ni cha uchakavu, na wewe una picha za ganda lililopasuka na taarifa ya polisi, jibu kwa kuvilinganisha viwili hivyo, na uambatanishe barua ya fundi umeme asiyehusika na gereji inayotengeneza. Kama kampuni inashikilia msimamo wake, malalamiko hupelekwa TIRA, au kwa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu wasiotaka kuanzia mahakamani. Nchini Kenya malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA. Peleka nakala na ubaki na hati halisi.

Katika muda wote huo betri iliyoharibika isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, hata wakipita na bei nzuri. Iweke wima kwenye beseni la plastiki, mbali na watoto na moto, hadi malipo yatoke au shauri lifungwe, kisha uliza kwanza kama kampuni inaihesabu kuwa sehemu ya mabaki yake.